Kava la Switch: nilikwenda Kariakoo na kipande cha boksi na vizibo vya soda

Kava la kwanza nililinunua kwa 12,000, likanigharimu 47,000. Hizo 35,000 za juu alizichukua fundi.

Mashine yangu ni Nintendo Switch, ya kuchezea gemu mkononi, ile ya OLED yenye kioo cha inchi 7 iliyotoka Oktoba 2021. Aliniletea shemeji yangu anayefanya kazi Dubai, alipokuja likizo, ikiwa kwenye boksi lake bila kava wala mfuko. Naishi Kigamboni na kazi yangu iko Posta, kwa hiyo kila siku ni bajaji, pantoni, kisha miguu. Gemu nacheza mchana baada ya kula na jioni kwenye foleni ya kuvuka. Maana yake mashine inakaa kwenye begi la mgongoni pamoja na kontena la chakula, mwavuli, chaja, na chochote mke wangu atakachoniagiza sokoni.

Nilichonunua mwanzo kilikuwa kimfuko cha kitambaa chenye zipu na sponji nyembamba ndani. Muuzaji alikibinyabinya mbele yangu akasema, "Bosi, hiki hata ukikirusha kutoka ghorofani, mashine haipati kitu." Nikaamini, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza kitu hichohicho: kuanguka. Ukishalipia mashine ya bei ile, usiku unaiota inadondoka sakafuni.

Haikudondoka hata siku moja. Jioni moja narudi, pantoni imefurika, mama mmoja katoka soko la samaki na ndoo yake ya lita 20, akaiegesha kwenye begi langu. "Samahani baba, naegemeza kidogo tu, mkono umekufa." Nikamwambia haina shida mama. Tukavuka. Nyumbani nikawasha gemu ya mpira, na kila nikiachia kijiti cha kushoto cha kuongozea, beki wangu anatembea polepole kwenda pembeni, kama mtu aliyeitwa na jirani.

Wachezaji hali hii wanaiita drifti, na mimi si wa kwanza. Wenye Switch wameilalamikia tangu zamani, mpaka rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mwaka 2020. Kijiti kinaweza kuchoka chenyewe kwa kutumika. Changu hakikuchoka. Fundi alifungua Joy-Con, kile kishikio cha pembeni chenye kijiti, akatoa kile kidude chenye utepe mwembamba kama wa kaseti, akanionyesha kitako cha plastiki kilichopasuka upande mmoja. "Kaka, hii haijaanguka. Hii imekandamizwa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifundisha kununua kava. Kioo kinavumilia zaidi ya tunavyodhani. Kinachoumia begini ni vijiti, na vijiti havihitaji kuanguka ili viumie. Vinahitaji uzito tu, dakika ishirini, kila siku.

Nikarudi kwenye vipimo. Switch OLED ikiwa na Joy-Con zake ina urefu wa milimita 242, upana 102, unene 13.9. Huo unene ndio unaowapoteza wengi. Chini yake Nintendo wanaongeza maelezo madogo kwamba ukipima kuanzia ncha za vijiti mpaka kwenye vibonye vya ZL na ZR kule nyuma, unapata milimita 28.4. Mara mbili! Kava likitengenezwa kwa kuangalia ile 13.9, zipu itafunga bila shida kwa sababu sponji inabonyea, ila kifuniko chote kinakuwa kimelalia vichwa vya vijiti viwili. Ukiweka ndoo ya samaki juu, ndoo nzima imekaa juu ya vijiti.

Sikutaka kuitoa mashine yenyewe hadharani Kariakoo. Nikakata vipande vya boksi, 242 kwa 102, nikavigundisha mpaka unene ukafika kama milimita 14. Kwa vijiti nikatumia vizibo vya soda, viwiliviwili, kimoja juu ya kingine, cha kushoto karibu na juu, cha kulia chini kidogo kama vilivyo kwenye mashine. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, chaki hazikosekani nyumbani, nikachukua moja nikaitia mfukoni. Akaniuliza naenda kufundisha wapi.

Mtaa wa Aggrey winga, dalali wa mtaani, alinidaka kabla sijavuka barabara. "Bro, simu, kava, chaja, nini?" Nikamwambia kava gumu la Switch. Akatokomea, akarudi na matatu kutoka maduka matatu tofauti. Nilipotoa lile boksi langu, muuzaji wa duka tuliposimama alicheka mpaka akaita wenzake. "Kaka, sasa hii ndiyo gemu yenyewe?"

Namna ya kupima ni hii. Unapaka chaki juu ya vizibo, unaweka boksi kwenye kava, unafunga zipu, unakandamiza kifuniko kwa kiganja kama mtu anayeegemea, unafungua. Kava la kwanza, jeusi, lenye nembo inayong'aa na bei ya 60,000, lilikuwa na madoa mawili meupe ya duara kwenye kitambaa cha ndani. La pili hivyohivyo, tena moja la madoa lilikuwa kwenye mfuko wa wavu wa kuwekea chaja. Yaani ukiweka chaja humo, plagi inatua juu ya kijiti. La tatu halikuwa na doa. Nikarudia na chaki nyingi zaidi, nikakandamiza kwa kiwiko. Safi. Muuzaji alikuwa ameacha kucheka, akaomba ile chaki ajaribu mwenyewe.

Hilo la tatu halina jina. Ni la ile sponji ngumu iliyofinyangwa kwa joto, wenyewe wanaiita EVA, juu limefunikwa kitambaa cha kijivu. Kilichonishawishi ni sehemu ya chini: haikuwa bapa, ilichongwa kitanda cha mashine, na kuta zake zinapanda juu kuliko vijiti. Uzito ukija unashuka kwenye kuta. Katikati kuna ulimi wa kitambaa wenye nafasi kumi za kadi za gemu, unalala juu ya kioo na kukitenganisha na mfuko wa chaja. Alianza 45,000, tukamalizana kwa 38,000, na winga akapata chake.

Kabla ya hapo nilipitia pia kava la mpira, lile la kuivalisha mashine. Sitaki kulisema vibaya, mkononi linashika vizuri hasa viganja vikitoa jasho, na watoto wakiipokezana unakuwa na amani kidogo. Ila lina mambo mawili. Ukitaka kucheza kwenye TV, mashine iliyovaa mpira mnene haizami kwenye doki, kile kitako cha kuiunganishia TV, kwa hiyo unavua na kuvalisha, kuvua na kuvalisha, na kila ukivua Joy-Con zinavutwa. La pili, vijiti vinabaki nje uchi. Ukinunua la aina hiyo, hakikisha matundu ya juu yameachwa wazi. Hewa ya moto inatokea hapo, na niliona moja sokoni limeyaziba nusu ili kupitisha maua ya mapambo.

Nimelitumia la kijivu miezi minane sasa. Pantoni, bajaji, safari moja ya basi kwenda Tanga begi likiwa chini ya kiti. Limeanguka mara moja, kutoka juu ya meza ya ofisini, likatua kwa kona. Kona ikabonyea na baada ya siku mbili ikarudi. Kijiti kipya cha fundi hakijasogea.

Kasoro zake zipo. Wiki ya kwanza lilinuka gundi, ikabidi nilianike dirishani siku tatu likiwa wazi. Ni nene, kwa hiyo mwavuli ulihama begini. Kamba ya kushikia ilifumuka mwezi wa nne. Fundi viatu wa pale Feri aliishona upya kwa 1,000 na uzi wa kiatu, na ushonaji wake umeushinda wa kiwandani.

Jambo ambalo nisingelijua bila kukaa pwani ni zipu. Meno yake ni ya plastiki, na nilikuwa nikiona ni dalili ya kitu cha bei rahisi. Jirani yangu ana kava la bei zaidi lenye zipu ya chuma, na chumvi ya hewa ya huku imeishika. Anaifungua kwa kuipaka mshumaa. Unyevu nao. Nintendo wenyewe wanataja matumizi kwenye nyuzi joto 5 hadi 35 na unyevu wa asilimia 20 hadi 80, na asubuhi za Kigamboni mara nyingi huvuka hiyo 80 kabla hujanywa chai. Kava gumu lililofungwa linatunza unyevu ulioufungia ndani. Nimeweka vile vipakti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu, viwili chini ya ulimi, navibadilisha nikinunua viatu au nikiokota vya wenzangu. Na siifungii mashine ikiwa ya moto. Nilikuwa na tabia ya kubonya kitufe ilale tu, naisukuma ndani, nikiitoa ofisini naikuta vuguvugu kama chapati. Siku hizi naizima kabisa nikijua safari ni ndefu.

Kuhusu protekta ya kioo, hiyo nitaisema haraka. Kioo cha OLED kimekuja na nailoni nyembamba ya kiwandani iliyowekwa ili kioo kikipasuka vipande visitawanyike, na Nintendo wanasema isitolewe. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameshaanza kuing'oa kona kwa ukucha. "Mjomba, hii nailoni hujaitoa bado." Nilipiga kelele nyumba nzima ikatoka. Protekta unabandika juu yake. Kwa kava kama langu, lenye ulimi juu ya kioo, protekta ni ya kujikinga na funguo na vidole vya watoto, basi.

Kwa mtu mwenye mashine nyingine, kava langu halitamfaa, hata muuzaji akiapa. Switch 2 ni kubwa, milimita 272 kwa 116, haiingii kabisa. Switch Lite, ile ndogo, ni 208 kwa 91, itaingia na itacheza ndani kama punje kwenye kayamba, na yenyewe haina Joy-Con za kuchomoa, vijiti vimejengwa humohumo, kijiti kikiharibika unapeleka mashine nzima kwa fundi. Wenye Steam Deck, mashine ya mkononi ya kampuni nyingine, wao wamepata bahati, inakuja na kava lake gumu ndani ya boksi.

Juzi jamaa wa idara ya uhasibu, ambaye ana hiyo Lite, aliniomba kipande changu cha boksi aende nacho Kariakoo Jumamosi. Nikamwambia hicho ni kirefu kwake, akate chake. Nimempa chaki na vizibo vinne.