Mawaridi Madogo ya Soko la Nakasero: Tathmini ya Fungu la Shilingi 10,000

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikinunua maua katika vibanda vya Soko la Nakasero, hapa Kampala, kila Ijumaa asubuhi, na kuyapanga mwenyewe nyumbani badala ya kuagiza shada lililokwisha kutengenezwa dukani. Tathmini hii inahusu bidhaa moja tu, nayo ni fungu la mawaridi madogo lenye mashina 20, ambalo mimi hulipia shilingi 10,000 baada ya kupatana bei na muuzaji. Nimeridhika nalo sana, ingawa lina kasoro moja ambayo mnunuzi hana budi kuijua kabla ya kutoa fedha yake.

Wapo wanaolidharau waridi hili kwa sababu ya kichwa chake kidogo, lakini udogo huo hautokani na uzembe wa mkulima. Mashamba mengi ya maua ya Uganda yako karibu na Ziwa Victoria, pande za Entebbe, Wakiso na Mukono, ambako mwinuko ni kama mita 1,200 na usiku hauna baridi kali. Waridi hukua haraka katika joto hilo, na linalokua haraka hutoa kichwa kidogo. Mawaridi yenye vichwa vikubwa hupenda nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Naivasha nchini Kenya. Kwa meza ya chakula mimi nalipendelea dogo, kwa kuwa mashina 9 yaliyokatwa mafupi yanajaza jagi la maji vizuri bila kuwaziba watu nyuso wanapozungumza.

Kasoro niliyoitaja iko katika ufungaji. Mawaridi hukazwa ndani ya karatasi ngumu, unyevu ukabaki katikati, na fungu linaloonekana zuri kwa nje likawa limeoza kwa ndani. Katika wiki yangu ya tatu nilinunua kwenye kibanda kimoja bila kukagua, nikafika nyumbani na kukuta mawaridi 6 ya katikati yameota kuvu la kijivu, petali zikinyofoka kila nilipoyagusa. Iliniuma, kwani siku hiyo nilikuwa namsubiri shangazi yangu kutoka Arua. Tangu wakati huo huomba karatasi ifunguliwe mbele yangu. Mama ninayenunua kwake sasa hakasiriki hata kidogo. Huniambia, “Nnyabo, gusa mwenyewe,” nami hulibinya waridi taratibu chini ya petali, pale linapoungana na kikonyo chake. Likiwa gumu, ni jipya; likibonyea kama mkate laini, limekwisha kukaa siku nyingi, hata kama rangi yake bado inavutia.

Thamani ya fungu hili hutegemea sana jinsi linavyotunzwa saa ya kwanza baada ya kufika nyumbani. Mimi huondoa majani yote ambayo yangezama majini, kwa sababu jani likioza huzaa bakteria wanaoziba mirija ya shina, kisha hukata kila shina mshazari kwa kisu kikali, kiasi cha upana wa vidole viwili, na kulitia majini papo hapo kabla hewa haijaingia. Katika lita moja ya maji huweka kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya jiki. Sukari hulilisha ua, na jiki huwazuia wale bakteria ambao nao wangeifurahia sukari hiyo. Maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili na mashina hukatwa tena. Jagi nisingeliweka kamwe karibu na ndizi mbivu, iwe bogoya au zile ndogo, kwa maana matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini ambayo huyazeesha maua kabla ya wakati wake. Kwa utunzaji huo mawaridi yangu hudumu siku 8 au 9.

Kuyapanga si kazi ngumu. Hubandika vipande vya selotepu juu ya mdomo wa jagi, vikapishana kama wavu, nikatia kwanza majani ya kangaga yanayoota kando ya ua wetu, kisha mawaridi moja moja, yale yaliyofumba yakiwa juu kidogo na yaliyochanua yakiwa chini. Waridi likiinamisha shingo siku ya pili, lisitupwe. Nililikata upya moja lililokuwa limelala kabisa, nikalifunga ndani ya gazeti ili shingo isimame, nikalizamisha hadi karibu na kichwa katika maji ya uvuguvugu; baada ya saa mbili lilikuwa limenyooka.

Kwa kulinganisha, mwezi uliopita nilinunua shada la shilingi 60,000 katika duka moja mjini. Lilipangwa kwa ustadi, hilo sikatai, lakini mashina yalikuwa yamechomekwa katika sponji ya kijani, ambayo ni aina ya plastiki isiyooza na ambayo ikikauka mara moja hainywi tena maji vizuri. Siku ya tano lilikuwa limekwisha, na sikuwa na namna ya kuyakata mashina upya bila kulibomoa lote.

Anayetaka kujaribu afike sokoni mapema, kabla ya jua kuvipiga vibanda, na abebe ndoo ndogo yenye maji kidogo iwapo atarudi kwa bodaboda, kwani upepo wa njiani hulikausha waridi upesi. Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba maji ya ndoo zao yabadilishwe kila asubuhi. Siku nilizoyakuta yakiwa safi, mawaridi niliyonunua yalidumu siku mbili zaidi.