Darubini ya kutazamia ndege ziwani: ipi ununue kwanza

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, Ulaya ikiwa kwenye baridi, kingo za Ziwa Nakuru, Elementaita na ghuba ya Kisumu hupokea vitwitwi na bata wahamaji. Wengi ni wadogo, rangi ya matope, na hawakungoji usogee.

Kwanza zisome namba. Kwenye 8x42, 8 ni mara ambazo ndege anakuzwa. 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25, upana wa mwanga unaofika jichoni. Ukishuka chini ya 4, saa kumi na mbili na nusu asubuhi picha itaanza kufifia.

Ya kwanza ni 8x42, bila ubishi. Picha haitetemeki sana, na uwanja wake ni mpana, hivyo ndege anayeruka hakupotei.

Ya pili ni 8x32, nyepesi shingoni. Inafaa Dunga, kinamasi cha mafunjo karibu na Kisumu, ambako ndege aitwaye tiva wa mafunjo, mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu, hutokeza sekunde chache kisha huzama tena mafunjoni. Hakikisha inaona vizuri kitu kilicho mita 2 au 3.

Ya tatu ni 10x42. Wengi huikimbilia kwa sababu ya ile 10. Kwenye ufuo wazi inasaidia, ila inakuza pia mtetemo wa mikono, na jua likipanda, hewa ya moto juu ya maji huichezesha picha.

Teleskopu ya 20-60, yaani inayokuza mara 20 hadi 60, ije baadaye, pamoja na stendi nzito. Stendi nyepesi haiwezi upepo wa ziwa.

Zile za barabarani zilizoandikwa 30x60, zenye lenzi nyekundu, ziache. Pima lenzi kwa rula uone kama 60 hiyo ipo. Hata ingekuwepo, nani atatuliza 30 mkononi?

Dukani, toka nayo mlangoni. Ishike mbali na uso, uielekeze angani: vidoa vya mwanga kwenye lenzi za jicho viwe mviringo kamili. Vikiwa na kingo zilizokatwa, prizma, yaani vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni hafifu. Kisha soma kibao ng'ambo ya barabara; ukikiona viwili, prizma zimehama, irudishe. Ya mtumba imulike kwa tochi: nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi ni kuvu. Mvaa miwani atafute nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi, isiyopungua milimita 15.

Ukishainunua, funika lenzi ya kulia, tazama kwa jicho la kushoto, urekebishe kwa gurudumu la kati. Halafu funika ya kushoto, uzungushe pete ya jicho la kulia pekee. Wanaoruka hatua hii huumwa kichwa na kulaumu darubini.

Vumbi la magadi la Elementaita lipulize kwanza ndipo upanguse. Ukianza na kitambaa, unaikwaruza lenzi.