Mashine ya umeme wa misuli: mkono wa mama umeanza kuitika

Kiharusi kilimlaza mama mkono wa kulia. Nilimnunulia mashine ndogo ya kusisimua misuli, ya betri, yenye pedi nne za kunata. Mtaalamu wa fiziotherapia alinisisitizia: mama asikae tu akitazama vidole vikinyanyuka. Umeme ukiingia, naye ajikaze kuvinyanyua, kwani ubongo huitika zaidi juhudi na umeme vikienda pamoja.

Basi kila jioni namwambia, "Haya mama, fungua!" Msuli wa kigasha unatuna, jasho linamtoka, kidole cha shahada kinatangulia. Juzi aliachia kitambaa mwenyewe. Nililia.

Pedi hazidumu, gundi inaisha upesi. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo amuone daktari kwanza. Mimi ningeinunua tena leo.