Tathmini ya huduma ya upasuaji kwa mgonjwa anayetumia plasta ya fentanili

Mama yangu, ambaye saratani imemlazimu kutumia plasta ya fentanili (dawa kali ya kutuliza maumivu, jamii ya mofini, inayopenya polepole kupitia ngozi) ya mikrogramu 50 kwa saa, alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi uliopita katika hospitali binafsi jijini Nairobi.

Daktari wa nusukaputi anastahili sifa zote. Alimtembelea usiku wa kuamkia upasuaji, akamfunua bega, akasoma tarehe niliyoiandika kwa kalamu juu ya plasta, akahesabu saa 72 za kuibadilisha, kisha akaagiza isibanduliwe, kwa kuwa dawa iliyokwisha kujikusanya chini ya ngozi huendelea kuingia mwilini kwa saa nyingi hata plasta ikitolewa, na plasta mpya huchukua nusu siku au zaidi kabla ya kutuliza maumivu ipasavyo. Alisisitiza pia kwamba blanketi la kupasha joto lisiguse bega hilo, maana joto huharakisha dawa na pumzi zinaweza kufifia.

Wodini mambo yalilegea. Muuguzi wa zamu ya usiku alimpa parasetamoli peke yake, akidhani plasta inatosha. Haitoshi: plasta hiyo hushughulikia maumivu ya kila siku, ilhali kidonda kibichi kilihitaji mofini ya nyongeza, huku pumzi zikihesabiwa kwa makini. Mama aliung'ang'ania ukingo wa kitanda hadi saa tisa usiku, daktari alipoitwa, na ndipo tulipogundua kwamba plasta haikuandikwa popote katika karatasi yake ya dawa.

Chumba chao cha upasuaji ningekirudia bila wasiwasi. Wodi yao, bado.