Hospitali nzuri, fomu mbaya: siku tatu za upasuaji wa baba jijini Mwanza

Nimeona niandike kwa kirefu kuhusu hospitali binafsi tuliyompeleka baba yangu kufanyiwa upasuaji wa ngiri, kwa sababu ndugu na majirani wamekuwa wakiniuliza kama inafaa, nami nimekuwa nikijibu kwa neno moja tu, "inafaa", jibu ambalo si la uongo lakini halitoshi. Jina la hospitali nimeliacha kwa makusudi. Kasoro nitakayoieleza sidhani kama ni yake peke yake, na uongozi wake, nilipouandikia, ulinijibu kistaarabu.

Nianze na yanayostahili sifa. Bei tuliambiwa kabla ya jambo lolote kufanyika, shilingi laki saba na nusu pamoja na vipimo, kitanda cha siku tatu na dawa za kuondokea, na siku ya kutoka hatukuongezewa hata shilingi ya pamba. Kila malipo yalitolewa risiti. Wodi ya wanaume ina vitanda sita, vyandarua visivyo na matundu, na madirisha yanayoingiza upepo wa ziwa kuanzia alasiri, kiasi kwamba baba, ambaye kwake Kisesa hulalamikia joto mwaka mzima, aliomba blanketi. Choo kina maji muda wote, na msomaji anayeishi kwenye vilima vya jiji hili, ambako maji hupanda kwa zamu, ataelewa kwa nini nimelitaja hilo. Daktari wa upasuaji alifika saa aliyosema, ganzi ya mgongoni ilikubali, na kidonda kimefunga bila usaha. Kwa upande wa mkono wa daktari sina neno.

Mapokezi ndipo paliponitia shaka kwanza. Dirisha la kuandikishia limetazamana na benchi la wagonjwa, umbali wa hatua mbili, na karani, binti mchangamfu na mwenye adabu zake, alimuuliza baba kwa sauti ya kushindana na feni kwamba ngiri yake iko upande gani na kama imekwisha kushuka hadi chini. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya uji. Kwetu Wasukuma kuna mambo ambayo mkwe na baba mkwe hawayasikii pamoja, kwa hiyo mke wangu aligeuka akatoka nje, akajifanya anaulizia nauli kwa mwenye bodaboda, na baba akajibu, "Andika tu inavyoandikwa, mjukuu wangu." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na hata kabla ya sheria hiyo siri ya mgonjwa ilikuwa amana ya tabibu. Benchi lile lingesogezwa hatua kumi tu, aibu ile isingetokea.

Hayo yangeweza kusameheka. Juu ya mtungi wa maji ya kunywa, ndani ya fremu ya kioo, limetundikwa tangazo la haki na wajibu wa mgonjwa, nami nililisoma lote kwa kuwa tulisubiri saa moja na nusu. Limeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na linasema waziwazi kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa ugonjwa na tiba yake kwa lugha anayoielewa, na kwamba anaweza kukubali au kukataa. Nikaridhika. Jioni ya kuamkia upasuaji akaja kijana wa zamu na fomu ya ridhaa, kurasa mbili, Kiingereza kitupu tangu juu hadi chini, akatia alama ya kalamu mahali pa sahihi na kusema, "Mzee, saini hapa, kesho saa mbili unaingia thieta."

Baba alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, yale ya elimu ya watu wazima, na tangu hapo husoma chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili, polepole, kidole kikifuata mstari. Aliitazama ile karatasi mbele na nyuma, akatafuta pa kuweka kidole, asipaone. Mzee aliyesoma kwa zaidi ya miaka hamsini aligeuzwa kuwa hajui kusoma kwa karatasi moja, tena ile inayohusu tumbo lake mwenyewe. Akanipa mimi. Kiingereza ninakijua cha kuendeshea ofisi, lakini katika mstari wa tano nilikwama kwenye maneno ya kitabibu, nikawa nakisia, na sikupenda kukisia mbele yake.

Ndipo aliposema jambo ambalo limenifanya niandike yote haya. "Wale wa utafiti kule nyumbani," alisema, "wakija kunitoa tone la damu kidoleni, wananisomea karatasi nzima kwa Kiswahili, wananiuliza kama nimeelewa, wananiambia naweza kukataa na hakuna atakayeninyima dawa zahanati. Tone la damu! Huyu anakuja kunipasua, na ananionyesha pa kusaini tu."

Baba hakutia chumvi. Kata ya Kisesa, wilayani Magu, imekuwa ikifuatiliwa tangu mwaka 1994 na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, kituo cha Mwanza, pamoja na washirika wao, na wakazi wake wamepitiwa nyumba kwa nyumba, awamu baada ya awamu. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1991 na 1994, jamii 12 za mkoa huu zilishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalisomwa dunia nzima. Kwa maneno mengine, neno "ridhaa" si geni kwa wazee wa Kisesa. Wamelizoea kupitia watafiti, na mtu aliyekwisha kuombwa ridhaa ipasavyo hutambua mara moja asipoombwa.

Tofauti hii ina sababu, na sababu yenyewe iko serikalini. Mtafiti hawezi kuanza kazi kabla ya kupata kibali cha maadili, na kwa utafiti wa afya wa ngazi ya taifa kibali hicho hutolewa na kamati iliyo chini ya taasisi hiyohiyo, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Miongoni mwa nyaraka zinazokaguliwa ni fomu ya ridhaa, na ile ya Kiswahili lazima iwemo. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, kisha huweka dole gumba. Ukali huu ulitokana na maovu yaliyotendwa kwa jina la sayansi, yale yaliyofanya kanuni za Nuremberg zitungwe mwaka 1947 na Azimio la Helsinki lifuate mwaka 1964, na serikali yetu, kama nyingine nyingi, iliziingiza kanuni hizo katika taratibu zake za ndani.

Kwa upande wa tiba, serikali haikukaa kimya. Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, husajili madaktari, hupokea malalamiko dhidi yao, na linaweza kumwonya daktari, kumsimamishia leseni au kumfuta katika rejista. Wauguzi na wakunga wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2010, wafamasia nao wana lao. Hospitali binafsi, ambazo mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku uendeshaji wake kwa faida na mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena, zina bodi inayoishauri serikali juu ya usajili wake. Taratibu basi zipo, na kwa kiasi kikubwa ni nzuri. Kasoro ni kwamba kwa mtafiti maadili hukaguliwa mlangoni, kabla hajamgusa mtu, ilhali kwa tabibu suala la ridhaa huibuka pale mtu anapolalamika, yaani jambo likiwa limekwisha kuharibika. Na mzee wa Kisesa aliyepona ngiri yake hatalalamika. Atashukuru, atarudi kwenye mihogo yake, na ile fomu ya Kiingereza itaendelea kupigwa kopi.

Rafiki yangu mmoja ambaye ni tabibu aliniambia ninakuza jambo dogo. Masomo yao yote ni kwa Kiingereza, alisema, na usiku majeruhi wa bodaboda wakiletwa watatu kwa mpigo, nani atakaa kuwasomea kurasa? Nakubaliana naye juu ya majeruhi. Mtu anayevuja damu haombwi kusoma, na miongozo ya maadili imelitambua hilo siku nyingi. Lakini baba hakuletwa kwa machela. Aliingia kwa miguu yake, redio mkononi, siku moja kabla, na muda wa kumsomea ulikuwepo. Ama hoja ya lugha ya masomo, mahakama nazo zilikuwa nayo hadi mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya kuendeshea kesi. Aliyeshtakiwa kwa kuiba mbuzi ana haki ya kuelewa kinachosemwa juu yake, na sioni kwa nini anayepasuliwa apate pungufu ya hapo.

Aliyeokoa jioni ile ni muuguzi wa zamu ya usiku, mama wa makamo, ambaye alivuta kiti badala ya kusimama. "Mwangaluka, baba," alisema, ingawa ilikuwa jioni, na baba akacheka akamjibu, "Mwangaluka, mayu." Akachukua boksi tupu la glovu, akalipasua, na juu ya upande wake mweupe akachora ukuta wa tumbo kama wavu wa sangara uliotoboka, utumbo ukichungulia tunduni. Kwa Kisukuma alichochanganya na Kiswahili alimweleza kwamba daktari atausukuma utumbo urudi ndani, atashona tundu, kisha ataweka kiraka, na kiraka chenyewe ni wavu mdogo wa plastiki utakaobaki humo maisha yake yote. Baba hakuwa amejua habari ya kiraka. Mimi nilikuwa nimekisoma pale kwenye ule mstari wa tano bila kukielewa.

"Na nikikataa?" baba aliuliza.

"Kesho asubuhi unakunywa chai, unarudi Kisesa, na pesa ya upasuaji unarudishiwa. Ila ngiri ikija ikajinyonga siku moja, utaletwa hapa mbio, na mimi sitakuwa na nafasi ya kukuchorea."

Baba akauliza maswali mengine mawili, moja kuhusu kulima na moja ambalo aliniomba nitoke nje kwanza. Niliporudi alikuwa anatia sahihi, jina lake zima, herufi moja baada ya nyingine.

Muuguzi yule alitimiza kila kilichoandikwa kwenye lile tangazo la mapokezi, lakini alikitimiza kwa hiari yake na kwa sababu anajua Kisukuma. Zamu ingekuwa ya mwingine, baba angesaini pale penye alama ya kalamu. Hapo ndipo ninapoona kazi ya serikali haijakamilika. Wakaguzi wanaofika kuangalia mtungi wa kuzimia moto na mashine ya kuchemshia vifaa wangeweza pia kudai waonyeshwe fomu ya ridhaa ya Kiswahili iliyoidhinishwa, na hospitali isiyokuwa nayo isihuishiwe leseni mpaka iipate. Wizara ikiandaa mfano mmoja kwa kila upasuaji wa kawaida, hata hospitali ndogo ya visiwani Ukerewe isingehitaji kuajiri mfasiri.

Kwa wanaotaka alama, hospitali hii naipa nyota nne kati ya tano kwa tiba na usafi, tano kwa uwazi wa bei, na mbili kwa namna inavyomwomba mgonjwa ridhaa yake. Ningempeleka baba tena, na safari hii ningeuliza kwanza zamu ya usiku ni ya nani.

Barua yangu kwa uongozi ilijibiwa baada ya siku sita. Walieleza kwamba fomu ile waliirithi kutoka kwa daktari aliyewahi kufanya kazi nje ya nchi, na kwamba wameanza kuiandika upya. Tuliporudi kutoa nyuzi, muuguzi yuleyule alitujia na karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiswahili, akasema ni rasimu na wangependa wagonjwa wachache waipitie. Baba alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nasi tukasubiri. Alipofika chini alirudi katikati ya ukurasa na kugonga mahali pamoja.

"Hapa mmeandika mgonjwa amekubali," alisema. "Mbona pale penye kukataa hamna mstari?"

Muuguzi akachomoa kalamu mfukoni, akauchora.