Nimesoma I Am Legend, nikamkuta mumiani wetu Los Angeles

Nianze na jalada, maana linadanganya. Nakala yangu ni ile iliyotolewa pamoja na sinema ya 2007, yenye Will Smith mbele. Ukiinunua kwa kuipenda ile sinema utanung'unika. Mbwa yumo, maradhi yamo, upweke umo. Mengine karibu yote wenye sinema wamejitungia. Riwaya ya Richard Matheson ilitoka 1954. Inaanza Januari 1976 na kwisha Januari 1979, miaka ambayo kwake mwandishi ilikuwa bado haijafika, na mambo yote yako Los Angeles, si New York.

La pili ni unene. Kitabu ukikishika ni kinene, lakini riwaya yenyewe inaishia katikati hivi. Mie nilikuwa naona kurasa tele zimebaki, nikajua vita kubwa bado inakuja. Nikafunua ukurasa, nikakuta hadithi nyingine kabisa! Nusu ya pili ni hadithi fupi za mwandishi huyohuyo, na kijana anayetandika vitabu vya mtumba pale Ngamiani, Tanga, hakuniambia, pengine naye hajui. Kati ya hizo ipo "Prey", ya mwanamke anayewindwa na kinyago ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hiyo isome mchana. Zilizobaki zinatosha kupitishia muda kwenye foleni.

Kiingereza chake hakisumbui. Sentensi fupi, maneno ya kila siku; aliyemaliza kidato cha nne na anayependa kusoma atafika mwisho bila kamusi.

Sasa hadithi. Robert Neville alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kazi kiwandani, mke na binti mmoja. Yanaingia maradhi, yanasambazwa na dhoruba za vumbi na mbu, na wanaokufa wanaamka wakitafuta damu. Yeye peke yake hayamwingii. Mchana anakereza vigingi vya mbao na kupita nyumba hadi nyumba akiwachoma waliolala. Jioni anajifungia ndani, madirisha yametundikwa vitunguu saumu, santuri imefunguliwa sauti ya juu ili asisikie ya nje, na chupa ya wiski iko mkononi. Na huko nje yupo Ben Cortman, jirani yake aliyekuwa akienda naye kazini, anamwita kila usiku atoke.

Hiyo sauti ya jirani ndiyo iliyoninyima usingizi. Sisi wa Ngamiani tunaishi ukuta kwa ukuta. Namjua jirani yangu kwa kikohozi chake, kwa redio yake, kwa namna anavyofunga mlango. Nyonya damu wa Ulaya mwenye jumba la mawe juu ya mlima hanihusu, lakini mtu niliyemwazima ngazi juzi, anasimama dirishani ananiita kwa jina langu? Umeme ulikatika nikiwa sura hizo na nikaona bora nilale.

Kingine kilichonishika ni habari ya mke na mtoto. Serikali imeamuru kila maiti ichomwe katika shimo la pamoja, na binti anachukuliwa hivyo. Mke anapokufa, Neville hawezi tena. Anamzika kwa siri, kwa heshima, kama binadamu. Naye anarudi. Kwetu maiti huoshwa, huvishwa sanda, husindikizwa na watu hata wasiomjua, na ukurasa ule unamweka mtu mahali ambapo kumstahi marehemu ndiko kunakoleta balaa. Nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani.

Na huko barazani kukawa na kicheko pia. Neville anagundua kuwa msalaba unawatisha tu wale waliokuwa Wakristo. Cortman ni Myahudi, msalaba haumshughulishi, anaogopa Taurati. Nikamsomea kaka yangu. Akafikiria mitaa yetu, misikiti na makanisa yalivyochanganyika, akasema, "Basi mdogo wangu, hapa Tanga itabidi ubebe vyote, na bado utakuta mmoja hana dini."

Kuanzia hapa nitagusa mwisho. Asiyetaka kuujua aruke hadi nitakapotaja bakteria.

Aliyekulia pwani hii hamjui mnyonya damu kama maiti aliyetoka kaburini. Mumiani wetu ni mtu hai. Ana kazi, ana gari, ana sindano, na nyuma yake yupo mkubwa anayenunua damu. Bibi yangu alikuwa akisikia king'ora cha gari la zimamoto anatuita ndani wote, na milango inafungwa. Hakuwa peke yake: enzi za ukoloni watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliamini kwamba wazimamoto wanakamata watu na kuwatoa damu, na mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu kizima mwaka 2000.

Sasa mtazame Neville kwa macho ya bibi. Ana gari. Anaingia majumbani mwa watu bila hodi, mchana kweupe, wakati hawawezi kujitetea. Anachukua damu yao akaipime kwa hadubini. Anamburura mwanamke hadi juani kwa ajili ya majaribio, aone atakavyokufa. Anafanya hayo kwa miaka, nasi tuko upande wake, tunamhurumia, maana sauti tunayoisikia ni yake tu. Halafu anakuja Ruth, na kupitia kwake tunajua kwamba baadhi ya wale aliokuwa akiwachoma usingizini walikuwa hai. Wameambukizwa, lakini wamepata dawa ya kutuliza maradhi na wanaanza kujenga maisha upya. Mume wa Ruth mwenyewe ameuawa na Neville. Wale watu walikuwa na mumiani wao, na mumiani huyo ndiye niliyekuwa nikimwombea apone.

Ingekuwa kitabu cha kawaida kingeishia hapo, wabaya wamegeuka wema. Matheson hakuwasamehe na hao. Kikosi chao kinapokuja kusafisha mtaa kinaua kwa raha iliyopitiliza, na Neville, anayechungulia, anajikuta anamsikitikia Cortman anayepigwa risasi juu ya paa. Adui yake wa kila usiku! Mwishoni anatazama umati uliokusanyika chini, anaona kwamba wanamwogopa yeye.

Umati huo nimeshausoma kwenye magazeti. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukelele kwamba ni wanyonya damu, watu wakajaa. Mwaka uliofuata ikawa kusini mwa Malawi: makundi yaliwaua watu waliodhaniwa kuwa wanyonya damu, hadi Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili.

Hapa kitabu nasi tunaachana kidogo, na sitaki kulifunika hilo. Katika riwaya, wanaomwogopa Neville wana haki, amewaua kweli. Wale watatu wa Chamwino hawakuwa wamemgusa mtu. Kitabu kinanionyesha jinsi mtu anavyoweza kuwa mumiani bila kujua, lakini hakinisaidii sana kumwelewa yule wa kwanza aliyepiga ukelele. Ningependa sana kusoma riwaya ya kutisha iliyoandikwa kutoka ndani ya umati ule, kwa Kiswahili, na mtu anayejua mumiani husimuliwa vipi jioni.

Bakteria sasa, wale wanaoleta maradhi yenyewe. Sehemu ya kati Neville anajifundisha sayansi, anatafuta kwa nini kitunguu saumu kinafanya kazi na kwa nini kigingi kinaua. Mwanzoni inavutia kuona ushirikina unapimwa maabara, baadaye inachosha. Niliruka kurasa na sikupotea njia. Wanawake nao wameandikwa kwa jicho la mwanamume wa 1954, wapo ili wamtamanishe au wamsaliti, na hata Ruth, aliye na sababu nzito kuliko wote, hapewi nafasi ya kutosha ya kusema.

Mbwa, kwa upande mwingine, ameandikwa vizuri ajabu. Neville anamtegea chakula, anamsubiri, anaongea naye kwa mbali, na wiki zinapita kabla hajamgusa. Hakuna damu wala meno kwenye sura hiyo, nayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Kuhusu sinema: zipo tatu kubwa, za 1964, 1971 na 2007. Ya 2007 ilirekodiwa mwisho mwingine ulio karibu zaidi na kitabu, ambapo kiongozi wa walioambukizwa anamfuata mwenzake wa kike aliyefungwa maabara, lakini kumbini wakatuletea ule wa shujaa anayejitoa mhanga. Tafuta huo mwingine.

Nyota nne kati ya tano. Mnunulie mtu anayependa hadithi zinazomgeuka msomaji mwenyewe. Anayetaka mapambano na milipuko abaki na sinema. Watoto hapana, kuna mambo ya kikubwa na kifo cha mtoto. Nakala yangu iko Chumbageni kwa binamu yangu, ambaye tayari amenipigia simu kuniuliza Cortman ana nini na Neville, nami nimekataa kumwambia.