Bomba linalogonga: klipu au valvu ya presha?

Hapa Nakuru swali hili haliishi. Shika bomba, funga mfereji ghafla. Likiruka mkononi, limelegea ukutani. Langu, nyuma ya sinki, lilikuwa limeng'oa msumari mmoja tu. Nilipolibana kwa klipu yenye mpira, tukalala.

Klipu ni bei nafuu na hazidai matunzo. Lakini presha ya laini kuu ya maji ikizidi, zitalegea tena; hapo valvu ya kupunguza presha, ikiwekwa karibu bar 3 (bar ni kipimo cha presha), inashinda. Ni ghali, na kichujio chake hujaa mchanga, kwa hiyo kisafishwe. Unatumia tangi la juu? Mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1 tu, kwa hiyo valvu haitakusaidia. Mpangaji aanze na klipu.